Nilivyotaka kuuza sinema ya baba mkwe

MWANAUME mwenye akili zake timamu hatangazi gazetini kwamba amewahi kuishi ukweni. Mimi natangaza. Kuanzia Agosti 2023 mpaka Machi 2024 nililala, nikala na kuoga nyumbani kwa wazazi wa mke wangu, Magomeni, na kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana waliokutangulia ni wengi.

Sikwenda kwa kupenda. Mwenye nyumba wetu wa zamani alipandisha kodi na akataka ya miezi sita mkononi. Gazeti moja nililokuwa nikiliandikia lilikuwa linanidai uvumilivu, yaani mimi nalidai hela na lenyewe linanidai nivumilie. Mke wangu alikuwa na ujauzito wa miezi minne. Nilikuwa nimechacha vibaya mno, mpaka muuza genge alianza kuniamkia yeye kwanza ili apate nafasi ya kunikumbusha deni. Basi mke akasema twende kwao "wiki mbili tu". Wiki mbili za Bongo unazijua mwenyewe.

Nyumba ya wakwe zangu ni zile za Kiswahili, korido katikati, vyumba sita, uwani choo na kisima kilichofukiwa. Vyumba viwili wanakaa wapangaji. Sisi tukapewa cha mwisho upande wa kushoto, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mashemeji wanaume walikuwa watatu. Yule mkubwa ni dereva wa daladala, naye alikuwa akiniita "mwandishi" kwa sauti ile ile ambayo watu huitumia kusema "mgonjwa".

Shida ya kukaa ukweni si matusi. Hakuna aliyenitukana hata siku moja. Shida ni kitoweo. Sinia linawekwa katikati, samaki ni watatu, sisi wanaume ni watano, na wewe unajua kabisa kwamba hujachangia hata mafuta yaliyowakaanga. Unamega ugali, mkono unaelekea kwa samaki, unakutana na jicho la shemeji, mkono unageuka wenyewe kuelekea kwenye mchuzi. Nilikula mchuzi miezi mitatu. Mama mkwe alikuwa akinibania kipande jikoni na kumpa binti yake aniletee chumbani, na hapo ndipo aibu ilipozidi, maana unakula samaki gizani kama paka.

Sasa tuje kwa baba mkwe, mwenye sinema yake.

Mzee alikuwa na miaka 74 wakati huo. Ujanani alifanya kazi kwenye gari la sinema, yale yaliyokuwa yakizunguka vijijini na mashine ya kuonyeshea, jenereta na turubai jeupe. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasha mashine na ndiye aliyekuwa akishika kipaza sauti kuwaeleza watu kinachoendelea. Kizazi changu tulikua tukidhani kazi hiyo aliianzisha Lufufu kwenye mikanda ya video. Kumbe wazee wetu waliifanya porini, huku mbu wakiwala.

Alipostaafu alibaki na projekta moja ya milimita 16, nzito kama cherehani, ambayo mkanda wake wa kuzungushia ameutengeneza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Na alibaki na filamu moja. Moja tu. Aliinunua mwaka 1978 kwenye mnada wa vitu vya Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, ndani ya kasha lililokuwa na vikombe vilivyopasuka na redio mbovu. Kopo lake ni la bati, halina lebo. Mzee mwenyewe alikuwa hajui jina lake. Nyumba nzima waliiita "ile ya mkwe".

Niliiona mara ya kwanza Jumamosi moja ya Oktoba. Shuka lilifungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, watoto wa wapangaji wakajipanga chini, mashemeji wakaja na viti vyao. Mama mkwe hakuja, alibaki jikoni. Nikauliza mbona mama hatazami. Mke wangu akasema huwa hatazami ile, hajawahi kumwona akiitazama.

Mashine ikaanza kulia, na pale shukani akatokea kijana mmoja mfupi, kofia bapa, uso mkavu kama ubao wa darasani. Hacheki. Hatabasamu. Anafanya kazi ya kuvuta peremende. Kwa ajali tu kioo cha dirisha kinavunjika, na jimama moja la miraba minne linamshika ukosi na kumburuta mpaka kwa hakimu ili ashitakiwe. Hakimu naye ni Mpolandi, hajui Kiingereza, na muda huo alikuwa anawasubiri maharusi. Akiwaona hao wawili mlangoni, akajua ndio wenyewe. Akawafungisha ndoa. Kijana alikwenda kushitakiwa, akatoka na mke.

Jimama likampeleka kwao. Na kwao msomaji wangu, ni baba mtu na kaka wanne, wote majitu, wote wana njaa.

Mzee alikuwa amesimama kando ya mashine akisimulia. Hakuwa na jina la yule kijana, kwa hiyo alimwita Mkwe. "Mtazameni Mkwe! Kaketi mwisho wa meza. Nyama ile kule. Mkono haufiki! Jamani Mkwe atakula nini?" Watoto wakageuka wote kwa pamoja, wakanitazama mimi. Shemeji mkubwa akakohoa. Nikatamani ile ardhi ya uwani ipasuke pale penye kisima.

Kisha Mkwe akainuka taratibu, akaenda kwenye kalenda ukutani. Ilikuwa Alhamisi. Akachana ukurasa, ikawa Ijumaa. Mzee akaeleza kwamba Wakatoliki wa wakati huo Ijumaa hawali nyama, na wale ndugu ni Wakatoliki wa kweli kweli. Basi wale majitu wakaiona kalenda, wakaduwaa, wakaweka uma chini. Mkwe akavuta sahani, akala nyama yote peke yake, na uso wake bado haujatikisika.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakicheka tangu nihame kwangu. Nilipofuta machozi nikaona na shemeji mkubwa anafuta yake.

Sinema iliendelea. Kuna barua ya mtu mwingine iliyoangukia kwa Mkwe, inasema mwenye barua amerithi dola laki moja. Wakwe wakiisoma, ghafla Mkwe amekuwa mtu. Anavutiwa kiti. Wanahamia kwenye nyumba ya kitajiri, wanafanya sherehe. Jikoni kuna bia inapikwa, hamira imezidi, povu linapanda kama mafuriko ya Jangwani mpaka linawafunika wageni. Katika kasheshe hilo barua inajulikana si yake. Wale ndugu wanamgeukia, anakimbia, wanamfukuza ngazini, na papo hapo shuka likawa jeupe. Filamu imekwisha.

Mzee hakubabaika. Akasema kwenye lile giza, kwa sauti ya mtu aliyeirudia mara mia, "Wakamkamata. Wakakaa chini, wakapatana. Akaishi nao mpaka akazeeka." Watoto wakapiga makofi. Akazima mashine.

Usiku ule sikulala. Mimi ni mtu wa kutafuta mambo, nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama ndogo na udadisi mkubwa. Nikashika simu, nikatafuta: sinema ya kimya, mtu asiyecheka, wakwe, kalenda, povu. Haikuchukua nusu saa.

Yule Mkwe anaitwa Buster Keaton, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1895 Kansas, mtoto wa wachekeshaji wa jukwaani. Sinema yenyewe ni ya Mei 1922 na jina lake ni My Wife's Relations, Ndugu wa Mke Wangu. Jimama lile ni Kate Price, mzaliwa wa Ireland. Keaton alikuwa na miaka 26 alipoitoa, na mimi pia usiku ule nilikuwa na miaka 26, kitu ambacho hakina maana yoyote lakini kilinifurahisha.

Si sinema yake kubwa. Watu wanaomjua Keaton watakutajia The General, ile ya treni, au One Week, ya maharusi wanaojenga nyumba ikatoka upogo. Hii ya wakwe ni ya dakika ishirini na kitu, wengi wanairuka. Lakini ukijua maisha yake mwenyewe huwezi kuiruka. Mei 31, 1921, yaani mwaka mmoja tu kabla, Keaton alimwoa Natalie Talmadge. Dada zake Natalie, Norma na Constance, walikuwa nyota wa sinema. Na mume wa Norma, Joseph Schenck, ndiye aliyekuwa mwenye kampuni inayotengeneza sinema za Keaton. Kwa hiyo aliyekuwa akimlipa mshahara ni mume wa shemeji yake. Halafu bwana huyo anakaa chini anatengeneza kichekesho kuhusu mtu anayeteswa na ndugu wa mkewe! Mimi sithubutu. Hata makala hii nimeandika baada ya kuhama.

Niliitazama yote kwenye kioo cha simu, chini ya shuka, sauti nimezima kana kwamba sinema ya kimya ina sauti. Kuipata ni bure, maana hakimiliki yake Marekani ilikwisha zamani. Nikafika pale wanapomfukuza ngazini. Pale ambapo ya mzee hukatika.

Haikatiki. Na wala hawapatani. Mkwe anawatoroka, anadandia treni, anakaa nyuma ya behewa la mwisho, ametulia. Na behewa limeandikwa Reno. Siku hizo Mmarekani yeyote akisoma neno hilo alicheka, kwa sababu Reno, kule Nevada, ndiko watu walikokwenda kupata talaka kwa urahisi. Mkwe anakwenda kuchukua talaka.

Nikamtazama mke wangu amelala, tumbo limeinuka kama mlima mdogo. Nikazima simu.

Hapa ndipo dili lilipoingia. Katika kupekuapekua nikagundua kuna watu duniani wanakusanya makopo kama lile la mzee. Si watu wawili watatu. Nikampata mstaafu mmoja Uingereza ambaye chumba chake cha wageni hakina wageni, kimejaa filamu mpaka darini. Nikamwandikia. Swali langu la kwanza lilikuwa la kishamba: mtu unataka nakala ya kijivu yenye mikwaruzo ya kazi gani, wakati safi ipo bure kwenye simu?

Alinijibu kwa barua ndefu, na nikamwelewa. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachowaka kama baruti na kisipowaka huoza, kinageuka gundi kisha vumbi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013 kuhusu sinema ndefu za kimya za nchi hiyo, karibu 11,000. Asilimia 70 hivi zimepotea kabisa. Hazipo. Zilizobaki, nyingi ziliokolewa kwa bahati na watu wenye vichwa vigumu waliokataa kutupa makopo.

Tena si lazima nakala mbili za sinema moja zifanane. Zama hizo walikuwa wakipiga na kamera mbili, au wanatumia picha za mara ya pili, ili wapate negativu moja ya kwao na nyingine ya kuuza nchi za nje. Wengine waliikata na kuiunga upya baada ya kuwaonyesha watu. Kwa hiyo kopo lisilo na lebo, huko kusikotarajiwa, linaweza kuwa na kitu kisichopo pengine. Mwaka 2013 Fernando Peña, mkusanyaji wa Argentina, aligundua kwamba nakala ya The Blacksmith ya Keaton, ya mwaka 1922 vilevile, ilikuwa na vipande ambavyo watu walikuwa hawavijui. Peña huyo huyo, mwaka 2008, alikuwa mmoja wa walioibua Metropolis iliyo karibu kamili, kwenye jumba la makumbusho Buenos Aires, baada ya dunia kuitafuta miaka themanini. Nayo ilikuwa ya milimita 16. Kama ya mzee!

Na ile ya wakwe inawawasha zaidi, kwa sababu inajulikana kwamba ina mwisho zaidi ya mmoja, na nakala nyingi zilizobaki zina madoa ya kuoza. Bwana yule akaniuliza maswali matatu. La kwanza, pembeni mwa utepe kuna alama ndogo za duara, mraba au pembetatu? Hizo ni alama za Kodak za kujulisha mwaka filamu ilipotengenezwa. La pili, inanuka siki? Maana filamu salama iliyokuja badala ya naitreti nayo ina ugonjwa wake, ikianza kufa hunuka siki. La tatu: mwisho wake ukoje?

Akasema kama mwisho ni tofauti, ananipa dola 150.

Nikapiga hesabu. Ilikuwa kama shilingi laki tatu na elfu sitini na kitu. Chumba nilichokuwa nimekiona Mabibo kilikuwa elfu sitini kwa mwezi. Miezi sita. Yaani mkwanja uleule hasa, kana kwamba mtu ameniandikia ile barua ya urithi. Mtoto angezaliwa Januari. Nilijiambia mzee hatajua, ana filamu moja na huitazama mara mbili kwa mwaka, macho yenyewe yameanza ukungu. Nilijiambia na mengine ambayo sitayaandika.

Ijumaa, mzee alipokwenda msikitini, nilipanda kitini nikalitoa kopo juu ya kabati lake. Nikalifungua dirishani. Ilinuka siki kidogo. Nikakunjua utepe wa mwanzo, nikapiga picha za alama za pembeni. Kisha nikatafuta mwisho. Na hapo nikaona kitu ambacho siku ya maonyesho nisingekiona: filamu haikuwa imechanika. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Wima, safi.

Nilipogeuka, shemeji mdogo alikuwa mlangoni anakula embe. Hakusema kitu. Akaendelea kula embe.

Usiku mzee akaniita uwani. "Kaa, mwanangu." Nikakaa. Akanyamaza muda mrefu. Kuku walishaingia, mpangaji mmoja akapita na ndoo akatusalimia, mzee akamwitikia vizuri tu. Kisha akaniuliza, "Bei gani?"

Nikamwambia. Sikuongopa, nilikuwa nimechoka kuongopa. Nikamwambia na habari za chumba cha Mabibo.

"Dola mia na hamsini," akasema. "Mimi niliinunua pamoja na vikombe." Halafu akauliza, "Wanataka mwisho wake?"

"Ndiyo baba. Lakini mwisho umekatwa."

"Najua umekatwa. Nimeukata mimi."

Akaenda ndani, akarudi na kopo dogo la maziwa ya watoto, la zamani, limeshika kutu. Ndani kulikuwa na utepe umejiviringa, mita kama tano hivi, nusu dakika ya sinema.

Ndipo akanieleza. Nyumba ile si yake. Ilikuwa ya mama yake mama mkwe, bibi mmoja mkali wa Kizaramo aliyeijenga kwa hela ya kuuza maandazi na mihogo. Mzee aliingia pale mwaka 1977 na begi moja la bati, kazi yake ya gari la sinema ina safari nyingi na mshahara mdogo. Chumba walichompa ni cha mwisho upande wa kushoto. Dirisha linatazama ukuta wa jirani.

"Kile chetu?" nikauliza.

"Kile chenu."

Baada ya kuinunua ile filamu, siku ya kwanza aliionyesha pale pale uwani, na bibi akaketi mbele kabisa kwenye kigoda. Mzee alikuwa hajaitazama yote. Yule Mzungu wa mnada alimweleza tu kwamba ni kichekesho na kwamba mwisho jamaa anakwenda kuachana na mkewe. Basi mzee, kijana wa miaka 29, kipaza sauti mdomoni, uwanja umejaa majirani, akanogewa na usimulizi. Treni ilipotokea akapaza sauti: "Haoo! Mkwe kachoka! Anakwenda kutoa talaka!" Watu wakaangua kicheko. Bibi akainuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani. Binti yake akamfuata.

"Walidhani ni ujumbe," mzee akasema.

"Ulikuwa ujumbe?"

Akakuna kidevu. "Mimi nilikuwa nakula mchuzi mwaka mzima, mwanangu. Sijui kama ulikuwa ujumbe."

Kesho yake asubuhi alichukua mkasi. Bibi hakumsemesha mwezi mzima, kisha siku moja akamwekea kichwa cha samaki. Mama mkwe hakuitazama tena ile sinema.

Nilitaka kuomba radhi, maneno yakanikwama. Mzee akanisukumia lile kopo la maziwa. "Kama unauza, usiuze kitu nusu. Mtu anakulipa hela yake." Na akaingia kulala.

Msomaji, nilikaa na lile kopo siku mbili. Siku ya tatu nikapiga picha zile za treni kwa kuziweka mbele ya taa, kwa ruhusa ya mzee safari hii, yeye mwenyewe akinishikia utepe kwa kucha. Tukamtumia bwana wa Uingereza. Akajibu usiku huohuo. Alishukuru sana. Mwisho ule, akasema, ndio ule unaojulikana, tayari anao. Na alama za pembeni zinaonyesha ni nakala ya miaka ya sitini. Angeweza kutoa dola arobaini, posta juu yangu.

Nikamsomea mzee. Akacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akicheka, uso wake siku zote ni kama wa Keaton. "Arobaini! Hata balbu ya mashine hainunui!"

Na Keaton mwenyewe, kama unataka kujua, treni ile aliipanda kweli. Aliachana na Natalie mwaka 1932. Nyumba kubwa aliyoijenga Beverly Hills ilibaki kwa mke, na watoto wao wawili wa kiume wakapewa jina la ukoo wa mama, wakawa Talmadge. Baadaye nyumba ikauzwa, ikauzwa tena, mpaka ikamfikia mwigizaji wa Kiingereza James Mason. Katika miaka ya hamsini Mason akakuta humo makopo ya filamu za Keaton yaliyosahaulika, baadhi yalikuwa hayaonekani popote pengine. Mtu alifukuzwa, makopo yakabaki ukweni yanamsubiri. Nilimhadithia mzee kisa hiki na ndicho alichokipenda kuliko vyote. Alinifanya nikirudie mbele ya shemeji mkubwa.

Yule shemeji naye alibadilika kidogo. Si sana. Siku moja mwezi Desemba alichukua samaki mkubwa kuliko wote, akamkata katikati, nusu akaisogeza upande wangu wa sinia bila kunitazama. Baadaye nilisikia alikuwa akimwambia konda wake kwamba shemeji yake ana barua kutoka Uingereza.

Mtoto alizaliwa Januari, wa kike. Februari lile gazeti lililokuwa linanidai uvumilivu likalipa, si yote, lakini mwenye nyumba wa Mabibo alikubali miezi minne. Machi tukafunga mizigo.

Usiku wa kuamkia kuhama mzee akatoa mashine. Alikuwa ameunga ule utepe mchana kutwa, kwa gundi ya filamu ambayo sijui aliitoa wapi, mikono inatetemeka. Shuka likafungwa. Watoto wa wapangaji, mashemeji, mke wangu na mtoto mgongoni. Halafu tukasikia kigoda kinaburutwa. Mama mkwe ametoka jikoni. Akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kalenda, nyama, barua, povu. Mzee alisimulia yote. Walipoanza kumfukuza ngazini akanyamaza. Shuka halikuwa jeupe. Treni ikatokea, ina doa kubwa la kahawia pale ilipokuwa imekunjwa miaka yote ile, na Mkwe amekaa nyuma ya behewa la mwisho. Mzee hakusema neno. Mashine ikalia peke yake mpaka utepe ukatoka, ukaanza kupigapiga.

Mama mkwe ndiye aliyevunja kimya.

"Sasa huyo bwana," akauliza, "alirudi?"

"Sijui," mzee akamjibu, anatafuta swichi gizani. "Mimi nilibaki."